Mpira Ulikuwa Wangu

Daktari wa meno alianguka kutoka kwenye farasi Jumanne akavunjika mtulinga, mfupa wa bega, na Jumatano asubuhi Kocha akaja chumba cha matandiko ya farasi, akasimama mlangoni akinitazama kama mtu anayechagua nyanya za mwisho sokoni.

"Mashoto," akasema, "hivi wewe unapanda farasi, si ndiyo?"

Nilikuwa nimebana tandiko kati ya magoti, msumari wa kutobolea mkononi, uzi wenye nta mdomoni. Miaka kumi na miwili nimekalia stuli ile, chini ya dirisha lile, nikishona mikanda ya klabu. Kila asubuhi, kabla wanachama hawajafika, mimi na kaka yangu tunawatoa farasi mazoezi, yeye wanne, mimi wanne. Kocha hutuona. Hutupungia mkono kabisa. Leo ananiuliza kama napanda farasi!

"Nimewahi kujaribu," nikamjibu.

Hakuelewa kama nilimkejeli, au alielewa akaamua kumeza. Akanieleza kwamba timu ya wanaoanza polo ina mechi baada ya wiki tano. Polo ni watu wanne kila upande. Yupo Mwenyekiti wa klabu, ambaye amestaafu akaona kulima maua hakumtoshi. Yupo mwanasheria mmoja, mwanamke mpole, na mumewe. Wa nne ndiye huyo daktari, ambaye sasa mkono umefungwa kifuani.

"Tunahitaji mtu wa kujaza nafasi," akasema.

Wa kujaza. Kama pamba kwenye mto. Nikataka kumwambia akajaze na gunia la pumba, lakini mdomo ulikataa, kwa sababu nilikuwa nataka. Wacha niseme wazi: nilikuwa nataka sana. Miaka kumi na miwili dirisha langu linatazama uwanjani, na kila mechi nimeitazama kwa jicho moja huku jicho jingine likiangalia nisijitoboe kidole. Na ukumbini kwa wanachama kuna ubao wa mbao nyeusi wenye majina ya rangi nyeupe. Mtu anayeanza akimaliza mechi yake ya kwanza, raundi zote nne mbele ya refa, jina lake linaandikwa pale. Ukishaandikwa wewe ni mchezaji. Unaweza kucheza popote, unaweza kufundisha, na hakuna wa kukurudisha kwenye stuli. Kaka yangu ametunza farasi wa klabu hii miaka ishirini na moja, na hayupo kwenye ubao. Hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyeandikwa. Si kwamba kuna sheria. Hakuna aliyewahi kuambiwa acheze, basi.

"Nitacheza," nikasema.

"Vizuri. Jezi ya daktari itakutosha."

Hata jezi ya mwenyewe sikupewa.

Siku hiyo hiyo jioni nikapelekwa kwa farasi wa mbao. Wanaoanza wote huanzia hapo. Ni gogo lenye miguu minne, limevalishwa tandiko kuukuu, limewekwa katikati ya banda la nyavu lenye sakafu iliyoinuka pembeni, ili mpira ukiupiga ukurudie. Nikapanda, nikachukua ile fimbo ndefu yenye nyundo ya mbao mwishoni, nikaizungusha mara moja kama nilivyokuwa nikiizungusha ndotoni.

"Simama!" Kocha akapiga kelele. "Mkono gani huo?"

"Wa kushoto."

"Hakuna kushoto kwenye polo. Kulia tu. Wote, dunia nzima."

Nilidhani anatania. Akachukua brashi mbili za kusugulia farasi akazielekeza moja kwa nyingine. Akanionyesha: wachezaji wawili wakija uso kwa uso kwa kasi, kila mmoja akiuweka mpira kuliani kwake, watapishana salama. Mmoja akiushika kushoto, vichwa vinagongana, vya watu na vya farasi. Akazigonganisha brashi hizo mpaka nywele zikaruka.

Sikuwa na la kubisha, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Sheria ya kijinga unaweza kuitukana ukapumua. Hii ilikuwa ya maana.

Nyumbani nikamsimulia Mama nikiwa bado nimesimama, begi begani. Mama alikuwa anakatakata vitunguu kwenye meza ya jikoni. Akacheka mpaka akaweka kisu chini.

"Nilikupiga mwiko wa vidole mpaka darasa la tatu," akasema, "mwiko ukavunjika, shoto ikabaki. Sasa farasi ndio watakurekebisha?"

"Mama, usianze."

"Sianzi, mwanangu. Nasema tu kwamba wangeniuliza, ningewaambia wanapoteza muda."

Kaka alikuwepo, anakula. Hakucheka. Alimeza kwanza kisha akasema, "Kila siku mara mia mbili, kwa mkono wa kulia. Usiruke siku hata moja. Mimi nitakusubiri hapo bandani."

Na kweli alinisubiri. Kila nikitoka kazini, mara mia mbili juu ya gogo. Mkono wangu wa kulia ulikuwa kama mgeni aliyekaribishwa kazini bila kuelezwa kazi yenyewe. Ulipiga hewa. Ulipiga sakafu. Mara nyingi ulipiga miguu ya gogo, paa! mpaka bega likashtuka, na Kaka, aliyekuwa akiniokotea mipira, akasema kila mara kwa sauti ile ile: "Huyo angekuwa farasi wa kweli, angekuwa analia." Nilikuwa nalala nimeuinua mkono juu ya mto, vidole vimevimba, nikiwa na hasira na daktari wa meno, na Kocha, na mtu wa kwanza kabisa aliyebuni mchezo huu akiwa na mkono wa kulia.

Lakini kuna jambo hawakulihesabu. Kwenye polo hatamu zote unazishika kwa mkono wa kushoto. Mkono mmoja, farasi mzima. Mwanasheria na mumewe walikuwa wanavuta hatamu kama wanaokokota ndoo kisimani, farasi midomo wazi, macho yamewatoka. Mimi mkono wangu wa kushoto umekaa na ngozi miaka kumi na miwili. Unajua mkanda umelegea kabla jicho halijaona. Nilipewa Shangazi, farasi jike wa miaka kumi na minne, tuliyemwita hivyo kwa sababu anapenda kuamrisha na hasahau alichofanyiwa. Shangazi na mkono wangu wa kushoto walielewana siku ya kwanza. Nikikunja kidole kimoja, anageuka. Nikipumua nje, anapunguza mwendo. Wiki ya tatu nilikuwa nafika kwenye mpira kabla ya wote. Kuupiga ndiyo ilikuwa kazi, ila hata hapo mkono wa kulia ulishaanza kuona aibu na kufanya unachoambiwa, mara sita kati ya kumi.

Hapo ndipo nikafundishwa lile neno.

"Anayekuja nyuma yako ndiye anayeuona uwanja," Kocha akatueleza tukiwa juu ya farasi, wanne kwenye mstari. "Akikwambia 'Piga', piga. Akikwambia 'Acha', unauacha mpira, unapita moja kwa moja, unakwenda kumzuia mtu wa upande wa pili. Huulizi. Hugeuki. Unaacha."

Desturi nzuri, wenye timu wanajua. Tatizo ni nani yuko nyuma. Nyuma yangu alikuwa Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa na kiti chake cha ngozi kwenye kila mkutano wa maisha yake, na kwake mpira ulikuwa ajenda: hauwezi kuanza bila yeye. Mimi nafika, nainua fimbo, mpira umekaa pale mweupe kama yai, na nyuma naisikia: "Acha!" Naacha. Napita. Nasikia fimbo yake ikipasua hewa, fyuu, na mpira umebaki palepale. Wala hasemi pole. Anasema, "Uwanja una mashimo."

Uwanja ule tunausawazisha mimi na Kaka kila Jumatatu kwa miguu yetu.

Nilimwambia Kocha. Kocha akatazama pembeni, kwa sababu barua yake ya ajira ina sahihi ya Mwenyekiti. "Ni mechi moja tu, Mashoto," akasema. "Maliza mechi, uandikwe. Mengine baadaye."

Kaka naye akaniambia maneno hayohayo usiku ule kabla ya mechi, akiunga mikanda ya Shangazi iliyokuwa imekatika. "Vumilia, mdogo wangu. Jina kwanza. Hasira utakasirika ukiwa umeshaandikwa."

"Hasira yangu haijui kupanga foleni."

"Ifundishe."

Siku ya mechi Kaka alimfunga Shangazi bandeji miguu yote minne, akamsuka mkia akaukunja na kuufunga ili fimbo isinase, akamnyoa shingoni. Alimpendezesha kama bibi harusi. Mimi nilivaa jezi ya daktari, iliyonifika magotini. Kaka akakaza mkanda wa tumbo wa tandiko, ule nilioushona mwenyewe, akanipiga kofi dogo la goti. "Raundi nne, dakika saba saba. Rudi na jina letu."

Letu, alisema. Sikuwa nimelifikiria hivyo.

Raundi ya kwanza sikugusa mpira. "Acha!" mara nne. Raundi ya pili nikampumzisha Shangazi, nikapanda farasi wa akiba, nikagusa mara mbili kwa sababu Mwenyekiti alikuwa mbali akigombana na refa. Mara mbili zote mpira ulikwenda nilikotaka, na mume wa mwanasheria akafunga goli. Alikuja akanikumbatia tukiwa juu ya farasi, karibu tuanguke wote. Raundi ya tatu: "Acha!" mara tano. Nilihesabu. Watu wengine wakikasirika husahau kuhesabu, mimi nahesabu vizuri zaidi. Mara tano aliniachisha, mara tano akakosa, na mara moja kati ya hizo wapinzani wakauchukua mpira huohuo wakatufunga. Tulikwenda mapumziko tumetoshana, mbili kwa mbili, na Mwenyekiti akamwambia Kocha mbele yangu: "Huyu binti ananizibia njia."

Nina miaka thelathini na tatu. Binti!

Farasi wake alikuwa anahema vibaya, kwa hiyo raundi ya nne akapewa farasi wa akiba, yule mmoja tuliyekuwa naye. Mimi nikarudi kwa Shangazi. Nilipoingia uwanjani nilikuwa nimezikaza hatamu kuliko kawaida. Shangazi alinisikia kupitia hatamu. Masikio yalilala nyuma. Ningepaswa kutulia. Kila asubuhi nawaambia watunzaji wapya wasipande farasi wakiwa na hasira, kwa sababu hasira inashuka kwenye mkono na farasi anaipokea. Najua. Nilijua wakati ule pia.

Zilibaki dakika mbili na kidogo. Mpira uligonga ubao wa pembeni ukarudi ndani, ukasimama mbele yangu, kuliani, peke yake kama umewekwa. Goli lilikuwa mbele wazi. Nilikuwa kwenye njia yake, kwa haki yote, hakuna mpinzani karibu. Shangazi akajinyoosha akaenda shoti. Nikainua fimbo.

"Acha!"

Ilikuwa mara ya kumi siku hiyo. Niliisikia vizuri sana. Wasije wakasema upepo ulikuwa mkali. Niliisikia, na nikasema moyoni, sitaki, mpira huu ni wangu, nikapiga.

Nilipiga kwa nguvu zote za miaka kumi na miwili, na mkono wa kulia, ule mgeni, ukasahau kila kitu ulichofundishwa. Fimbo haikuuona mpira. Ilishuka ndani, ikampiga Shangazi mguu wa mbele, juu kidogo ya kifundo.

Paa. Sauti ileile ya gogo. Ila gogo halijikunji chini yako. Shangazi alijikwaa, pua ikakaribia majani, akajiinua, akaendelea kukimbia kwa sababu ndivyo alivyo. Mpira ulibaki nyuma yetu. Na Mwenyekiti, ambaye alikuwa amekosa mara tisa, akaufikia, akaupiga katikati, safi, ukapita pembeni yangu ukaingia golini.

Mara moja tu! Mchana mzima mara moja, na ilikuwa hiyo.

Akaja ameinua fimbo juu, amewaka uso. "Si nilikwambia acha? Umeona sasa? Si nilikwambia?"

Nilimchukia pale kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Maisha yake yote yaliyobaki ataisimulia mezani na watu watatikisa vichwa kukubali kwamba kweli aliniambia. Na mimi nilikuwa nimempa hadithi hiyo kwa mkono wangu.

Refa akatupa mpira kuanza upya. Shangazi alitembea kwenda mahali pake, na mkono wangu wa kushoto ukahisi kitu. Kidogo sana. Hatua moja fupi kati ya nne. Anayetazama kutoka nje asingeona, na baadaye walisema hawakuona. Nikainua mkono, nikashuka. Nikavua glavu nikashika mguu juu ya bandeji. Joto lilikuwa limeshaanza.

"Anaweza kuendelea?" refa akauliza.

"Anaweza!" Kocha akapaaza sauti kutoka pembeni. "Ni kugongwa kidogo tu, anatembea! Mashoto, panda! Dakika mbili! Jina lako!"

"Nipeni farasi wa akiba," nikasema.

Mwenyekiti akatazama chini kutoka juu ya farasi huyo wa akiba. "Si nimemkalia? Panda, usitucheleweshe. Huyo ni farasi wa klabu, si wako."

Na ni kweli pia, si wangu. Shangazi alisimama ameinamisha kichwa begani kwangu, anahema, anasubiri niseme twende. Angekwenda. Dakika mbili angezikimbia zote bila kulalamika, halafu kesho asubuhi asingeweza kuukanyagia ule mguu, labda milele. Nilimtazama Kaka, kule kwenye uzio. Alikuwa ameshika ndoo kwa mikono miwili. Hakunipa ishara yoyote, wala ya kupanda wala ya kushuka. Miaka yake yote ishirini na moja alikuwa ameniachia mimi niamue.

Nikazipitisha hatamu juu ya kichwa cha Shangazi, nikamtoa nje ya uwanja, taratibu, mwendo wake. Nyuma nilimsikia Mwenyekiti akiniita kwa jina langu halisi, lile lililoandikwa kwenye karatasi za mshahara. Sikujua kama analijua.

Walimaliza watatu. Wakashinda tatu kwa mbili. Kabla jua halijashuka mchoraji alishaandika majina matatu kwenye ubao, rangi bado mbichi. Kocha akaja kwenye sehemu ya kuoshea farasi akasimama mbele yangu, amekunja mikono.

"Dakika mbili, Mashoto. Mbili! Mechi nyingine ya wanaoanza ni miezi sita, na sijui kama watakubali tena."

"Najua kuhesabu."

Akatikisa kichwa akaenda zake. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, namwagia maji baridi mguu wa Shangazi. Bandeji ilipotoka, uvimbe ulikuwa kama limau. Kaka alichuchumaa, akaugusa, akaukunja, akauweka chini.

"Mfupa mzima," akasema. "Wiki tatu. Angekimbia zile mbili, sijui." Kisha bila kunitazama: "Umempiga kwa hasira."

"Ndiyo."

"Usirudie."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana. Nikalia basi, maji yakiendelea kumwagika, nikalia kwa ajili ya Shangazi na kwa ajili ya lile "letu", na Kaka akanipa taulo la farasi nifutie uso, kwa sababu hakukuwa na jingine.

Ndipo Mwenyekiti akaja. Alikuwa ameoga, ana taulo safi shingoni, na uso wa mtu aliyeamua kuwa mwema. Akasimama katikati ya maji na viatu vyake vya ngozi.

"Sina kinyongo," akasema. "Umejifunza, ndilo la muhimu. Siku nyingine ukiambiwa acha, unaacha."

"Siku nyingine sitaacha, Mwenyekiti," nikasema. "Nitaupiga vizuri."

Kaka akakohoa. Mwenyekiti akainamisha kichwa upande mmoja, kama mtu mwenye maji sikioni. "Unasemaje?"

Nikarudia, neno kwa neno, bila kupaaza sauti. Kisha nikamwomba asogee, kwa sababu alikuwa amesimama mahali ambapo Shangazi alitaka kuweka mguu.